Sura ya Nne: Kwa Nini Wanigeria Huuliza Rais Anatoka Upande Gani

Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200 na lugha zaidi ya 500. Ina mafuta, vyuo vikuu vya zamani, na waandishi na wanamuziki wanaojulikana dunia nzima. Hata hivyo, uchaguzi ukikaribia, swali linalotangulia mengine yote ni hili: safari hii zamu ni ya kaskazini au ya kusini? Watu wengi wa Afrika Mashariki wanaofuatilia habari za nchi hiyo huuliza kwa nini taifa kubwa namna hiyo linashindwa kulivuka swali hilo.

Chukua uchaguzi wa 2023. Muhammadu Buhari wa Katsina, kaskazini, alikuwa anamaliza miaka 8 madarakani, kwa hiyo watu wa kusini walidai zamu yao. Bola Tinubu, Myoruba Mwislamu wa kusini-magharibi, alimchukua Kashim Shettima, Mwislamu wa Borno, kuwa mgombea mwenza, na Wakristo wengi wakalalamika kwamba wamefungiwa mlango. Peter Obi, Muigbo, alivuta maelfu ya vijana wa mijini, na wafuasi wake wakakumbusha kwamba tangu vita vya Biafra vilivyoanza 1967 hakuna Muigbo aliyewahi kuwa mkuu wa nchi. Bei ya mkate ilijadiliwa pia, lakini mahali alikotoka mgombea palijadiliwa kwanza.

Jibu jepesi ni kusema "ukabila" na kufunga mjadala. Ukabila upo, ila hauelezi kwa nini nchi igawanyike kaskazini na kusini, maana mstari huo haufuati kabila lolote. Upande wa kaskazini wapo Wahausa, Wafulani na Wakanuri, na pia wapo Wativ na Waberom, ambao wengi wao ni Wakristo. Upande wa kusini wapo Wayoruba Waislamu kwa mamilioni. Mstari huo ulichorwa na Waingereza kwa kazi yao ya utawala, kisha siasa zikakaa juu yake hadi leo.

Hoja yangu katika sura hii ni kwamba mwaka 1914 Waingereza waliunganisha mapato na reli za nchi mbili, lakini wakaendelea kuwatawala watu wake kila upande peke yake. Nigeria ikapata hazina moja miaka mingi kabla ya kuwa na raia wanaohesabika sawa. Ugomvi mwingi tunaousikia leo ni ugomvi juu ya nani ana haki ya kugawiwa kutoka katika hazina hiyo.

Walikuwa wanajuana

Watu hupenda kusema kwamba Waingereza waliwarundika pamoja watu wasiojuana kabisa. Si kweli. Njugu za kola kutoka misitu ya kusini ziliuzwa katika masoko ya Kano. Farasi walishuka kusini na kuwapa nguvu wapanda farasi wa dola ya Oyo ya Wayoruba. Ilorin, mji wa Wayoruba, ukawa chini ya amiri baada ya vita vya jihadi alivyoanzisha Usman dan Fodio mwaka 1804, vita vilivyozaa ukhalifa wa Sokoto, dola kubwa iliyokusanya maamiri wengi chini ya sultani mmoja.

Kilichotofautiana sana ni namna ya kujitawala. Sokoto na Borno zilikuwa na maamiri, makadhi, kodi na maandishi. Oyo na Benin zilikuwa na wafalme. Kwa Waigbo wengi hapakuwa na mfalme: wazee, koo, na wanawake wenye vyama vyao vya sokoni waliamua mambo kwa kukaa na kubishana. Mtu anayetaka kuzitawala jamii hizi zote kwa kanuni moja angehitaji muda na mazungumzo mengi, na Waingereza hawakuwa na haja ya mazungumzo.

Hesabu za Lugard

Waingereza waliingia kwa vipande. Lagos waliitwaa 1861. Bonde la mto Niger lilishikwa na kampuni ya biashara, Royal Niger Company ya George Goldie, iliyopewa hati ya kifalme 1886. Tarehe 1 Januari 1900 serikali ya Uingereza ilichukua nafasi ya kampuni hiyo na kuilipa fidia ya pauni 865,000. Ndipo zikawepo himaya mbili, ya Kaskazini na ya Kusini. Himaya ni nchi inayosemwa kuwa iko chini ya ulinzi wa dola nyingine, ingawa kwa vitendo inatawaliwa nayo. Kano na Sokoto ziliangushwa kwa bunduki 1903, na mwaka huohuo Sultani Attahiru aliuawa Burmi akiwa bado anapigana. Lagos iliunganishwa na Kusini 1906.

Shida ikawa fedha. Kusini kulikuwa na bandari, na bandari zilileta ushuru wa forodha, sehemu kubwa ukitokana na pombe kali iliyotoka Ulaya. Kaskazini hakukuwa na pwani, pombe hiyo ilipigwa marufuku, na gharama za utawala na jeshi zilizidi mapato. Kila mwaka hazina ya London ilitoa ruzuku kufidia pengo. Wakati huo serikali mbili za Mwingereza huyohuyo zilikuwa zinashindana kwa reli: moja ilitoka Lagos kwenda ndani, nyingine ilitoka Baro kwenye mto Niger kwenda Kano.

Frederick Lugard, aliyekuwa ameitawala Kaskazini, aliletwa kumaliza shida hiyo. Tarehe 1 Januari 1914 alitangaza kwamba himaya mbili ni nchi moja. Jina lilikuwa tayari: Flora Shaw, mwandishi wa gazeti la The Times aliyekuja kuwa mke wake, alilipendekeza mwaka 1897. Magazeti ya Waafrika mjini Lagos yalimpinga Lugard kwa ukali, lakini hakuna chombo ambamo wenyeji wa nchi waliulizwa kama wanataka.

Miaka ya karibuni ulienea uvumi kwamba muungano huo ulikuwa mkataba wa miaka 100, hivyo mwaka 2014 ulipofika kila upande ulikuwa huru kuondoka. Mkataba wa namna hiyo haukuwepo. Ilikuwa amri ya serikali ya kikoloni, na amri haikuwa na upande wa pili wa kutia saini. Nauelewa hata hivyo mvuto wa uvumi huo: watu wanatamani kwamba wazee wao waliwahi kuulizwa.

Vilivyounganishwa na vilivyoachwa

Sehemu hii ndiyo husahaulika. Lugard aliunganisha:

- hazina na ushuru wa forodha;
- reli;
- jeshi;
- posta na telegrafu.

Akaacha mbalimbali utawala wa wananchi, elimu, sheria za ardhi na namna ya kutunga sheria. Kila upande ulibaki na luteni gavana wake na maofisa wake, na maofisa hao wa Kiingereza walioneana wivu kama watu wa nchi mbili. Baraza la kutunga sheria lililoundwa 1922 lilitunga sheria kwa ajili ya Kusini tu. Kaskazini ilitawaliwa kwa matangazo ya gavana. Wajumbe wa pande zote mbili walikaa katika baraza moja kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ilikuwa miaka 33 baada ya muungano, na miaka 13 tu kabla ya uhuru. Mtu aliyezaliwa Kano siku ya muungano alikuwa mtu mzima kabla hajawakilishwa mahali pamoja na mtu wa Enugu, upande wa kusini.

Utawala wenyewe ulipitia watawala wa jadi: ofisa wa Kiingereza humwelekeza amiri au chifu, naye huwatoza watu kodi na kuhukumu kesi. Kaskazini mfumo huo uliwaongezea maamiri nguvu. Kwa Waigbo, ambako machifu wa namna hiyo hawakuwepo, waliteuliwa watu na kupewa hati ya uchifu, na wengi wao wakageuka wanyang'anyi. Mwaka 1929 maelfu ya wanawake waliinuka katika eneo la Aba kupinga machifu hao na kwa hofu ya kutozwa kodi. Askari waliwapiga risasi, na makumi ya wanawake waliuawa.

Jambo lililoacha alama ndefu zaidi ni shule. Lugard aliwaahidi maamiri kwamba serikali haitaingilia dini yao, na kwa hiyo wamisionari walizuiwa kufungua shule katika sehemu nyingi za Kaskazini ya Waislamu. Serikali yenyewe haikujenga shule za kutosha kuziba nafasi hiyo. Kaskazini kulikuwa na wanazuoni wa Kiarabu na Kihausa kwa karne nyingi, ila ofisi ya mkoloni ilitaka Kiingereza. Kwa hiyo makarani wa reli, posta na mahakama za Kaskazini walitoka Kusini, wengi wao Waigbo na Wayoruba. Walipofika Kano au Zaria hawakukaa ndani ya mji. Walipangiwa mtaa wao nje ya kuta, unaoitwa Sabon Gari. Watoto wao walizaliwa huko, wakakulia huko, wakaendelea kuitwa wageni.

*Kwa ufupi:* kufikia miaka ya 1940 fedha na treni za Nigeria zilikuwa zinapita mpaka wa kaskazini na kusini bila kizuizi. Elimu, sheria na uwakilishi vilikuwa vinaishia mpakani.

Kila mtu na hofu yake

Mwaka 1939 Kusini iligawanywa kuwa Magharibi na Mashariki, na katiba ya 1946 ikaimarisha kanda tatu. Kila kanda ilikuwa na kabila moja kubwa, na haikuchukua muda kila kabila kubwa likawa na chama. Kaskazini, NPC ya Ahmadu Bello. Magharibi, Action Group ya Obafemi Awolowo. Mashariki, NCNC, chama kilichoanza na sura ya kitaifa chini ya Nnamdi Azikiwe, kikaishia kutegemea Waigbo.

Kaskazini iliogopa kwamba Mwingereza akiondoka, nafasi yake itashikwa na makarani wa Kusini. Kusini iliogopa wingi wa Kaskazini, maana kanda hiyo peke yake ilikuwa na robo tatu za ardhi ya nchi na zaidi ya nusu ya watu. Makabila madogo, kama Waijaw wa mdomo wa Niger au Wativ wa katikati, yaliwaogopa wakubwa wote watatu. Hakuna hofu hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kubuni.

Mwaka 1953 Anthony Enahoro alipeleka hoja bungeni kwamba uhuru upatikane 1956. Wajumbe wa Kaskazini walikataa kufungwa na tarehe, na Ahmadu Bello akasema waziwazi kwamba muungano wa 1914 ulikuwa kosa. Wakitoka, walizomewa katika mitaa ya Lagos. Mwezi Mei mwaka huo fujo zilizuka Kano na watu wengi waliuawa. Serikali ya kanda ya Kaskazini ikashika sera ya kuajiri watu wa Kaskazini kwanza, na wakikosekana, Mzungu wa mkataba alipendelewa kuliko Mnigeria wa Kusini. Tume ya Willink ya 1957 na 1958 iliyasikiliza makabila madogo, ikakiri kwamba hofu yao ina sababu, lakini haikupendekeza wapewe majimbo yao. Naona hapo ndipo nafasi kubwa ilipopotea. Nigeria ikaingia uhuru tarehe 1 Oktoba 1960 ikiwa na kanda tatu, moja kubwa kuliko mbili zilizobaki zikijumlishwa.

Kwa nini sensa ni vita

Katika nchi nyingi sensa ni kazi ya karani mwenye fomu na kalamu. Nigeria imekuwa mapambano, kwa sababu idadi ya watu huamua viti vya bunge na mgao wa fedha. Sensa ya 1962 ilizua ubishi hadi ikafutwa. Ya 1963 ilitoa watu milioni 55.7, Kaskazini ikibaki na zaidi ya nusu, na wanasiasa wa Kusini hawakuikubali. Ya 1973 nayo ilifutwa. Ya 2006 ilitoa watu milioni 140. Fomu zake hazikuuliza dini wala kabila, ili watu wasipigane, na hata hivyo Lagos ilipinga kuambiwa kwamba ina watu wachache kuliko Kano. Sensa iliyopangwa kufanyika 2023 iliahirishwa. Waziri anayepanga zahanati leo Nigeria anafanya kazi kwa makadirio yanayotokana na hesabu ya karibu miaka 20 iliyopita, hesabu ambayo nayo ina wapinzani.

Biafra, na uamuzi wa Nyerere

Tarehe 15 Januari 1966 wanajeshi vijana, wengi wao Waigbo, walipindua serikali na kumuua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa, Ahmadu Bello na Waziri Mkuu wa Magharibi, Samuel Akintola. Jenerali Aguiyi-Ironsi, Muigbo, akashika nchi. Mwezi Mei alitoa amri namba 34 iliyofuta kanda na kuifanya Nigeria kuwa nchi ya serikali moja. Huenda alidhani anauponya mgawanyiko. Kaskazini waliisoma amri hiyo kama ile hofu yao ya zamani imetimia: makarani wa Kusini sasa wangekuja na mamlaka kamili. Waigbo wakaanza kuuawa katika miji ya Kaskazini. Julai kukawa na mapinduzi mengine, Ironsi akauawa, Yakubu Gowon akashika madaraka, na mauaji yakaongezeka. Wakazi wa Sabon Gari, wengine hawajawahi kuishi Mashariki hata mwaka mmoja, walipanda treni ileile iliyowaleta baba zao na kukimbilia huko.

Mei 1967 Gowon alizigawa kanda kuwa majimbo 12, na siku chache baadaye Odumegwu Ojukwu akatangaza Mashariki kuwa nchi huru ya Biafra. Vita vilivyofuata viliisha Januari 1970. Makadirio ya waliokufa ni kati ya milioni 1 na milioni 3, wengi wao kwa njaa, na wengi wa waliokufa njaa walikuwa watoto.

Hapa historia ya Nigeria inaigusa Tanzania. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Biafra. Uamuzi huo uliwashangaza wengi, kwa sababu Julius Nyerere alikuwa ameunganisha Tanganyika na Zanzibar 1964, na mwaka huohuo, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Cairo, aliongoza hoja ya kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni. Hoja yake kuhusu Biafra ilikuwa kwamba dola inadai utii kwa sababu inamlinda raia. Watu wakiwindwa na kuuawa ndani ya nchi yao, na dola isiwalinde, umoja wa kulazimishwa kwa silaha hauna maana kwao. Wapo waliomlaumu wakati ule, na wapo wanaomlaumu hadi leo, wakisema alifungua mlango wa kuivunja Afrika. Mimi naona aliuliza swali ambalo viongozi wenzake walilikwepa: mpaka unamlinda nani?

Hazina ileile, mapato mapya

Mafuta yalipatikana Oloibiri, katika nchi ya Waijaw, mwaka 1956. Wakati wa uhuru, kanda ilirudishiwa nusu ya mapato ya madini yaliyochimbwa kwake. Serikali za kijeshi zikapunguza sehemu hiyo kidogokidogo na kuvuta fedha zote katikati. Katiba ya 1999 inarudisha angalau asilimia 13 tu. Fedha zilizobaki hugawanywa na serikali kuu kila mwezi kwa majimbo, ambayo sasa ni 36, na serikali za mitaa 774.

Kwa mvuvi wa mdomo wa Niger ambaye maji yake yana mafuta, mpango huo ni ushuru wa bandari wa 1914 uliorudi kwa jina jingine: mali inatoka kwake, mgao unaamuliwa mbali. Mwandishi Ken Saro-Wiwa aliwasemea Waogoni wa eneo hilo katika jambo hilo, na utawala wa kijeshi wa Sani Abacha ulimnyonga tarehe 10 Novemba 1995 pamoja na wenzake wanane.

Sasa linaeleweka kwa nini kiti cha rais kina uzito huo. Anayekaa hapo anashika mfereji unaolisha majimbo yote. Tangu 1999 vyama vikubwa vimetumia desturi ya kuzungusha urais kati ya kaskazini na kusini, desturi isiyoandikwa katika katiba. Rais Umaru Yar'Adua wa Katsina alipofariki 2010 na makamu wake Goodluck Jonathan wa kusini akachukua nafasi, kisha akagombea na kushinda 2011, wengi kaskazini waliona zamu yao imekatwa. Fujo za baada ya uchaguzi ziliua mamia ya watu.

Cheti cha babu

Wanigeria wamejaribu tiba, na baadhi ni za busara. Tangu katiba ya 1979 mshindi wa urais anatakiwa kupata angalau robo ya kura katika theluthi mbili za majimbo, kwa hiyo hakuna anayeweza kushinda kwa kura za kwao peke yake. Kila jimbo lazima litoe angalau waziri mmoja. Tangu 1973 wahitimu wa vyuo hupelekwa kulitumikia taifa mwaka mzima, kwa kawaida katika jimbo ambalo si la kwao.

Tiba nyingine zinaumiza. Ili kuziba lile pengo la shule, nafasi katika shule za sekondari za serikali kuu hutolewa kwa viwango tofauti vya alama. Mwaka 2013 mvulana wa Anambra alitakiwa kupata alama 139. Mvulana wa Zamfara, alama 4. Mtoto wa Anambra anajifunza akiwa na miaka 10 au 11 kwamba jimbo lake ni hatia. Mtoto wa Zamfara anajifunza kwamba hategemewi kujua kitu. Wote wawili wanalipia uamuzi wa watu waliokufa zamani.

Na jimbo la mtoto halimaanishi anapoishi. Katiba ya 1999 inasema mtu ni wa jimbo fulani kama mzazi wake, babu yake au bibi yake alikuwa wa jamii ya wenyeji wa asili wa jimbo hilo. Serikali ya mtaa humpa cheti cha uenyeji, na bila cheti hicho ni vigumu kupata kazi ya serikali ya jimbo, nafasi ya chuo au msaada wa masomo. Mtanzania aliyezaliwa Mbeya kwa wazazi kutoka Kilimanjaro hajawahi kudaiwa karatasi kama hiyo.

Jos ndiko tunakoona gharama ya vyeti hivyo. Mji huo ulikua kwa migodi ya bati wakati wa ukoloni, na Wahausa wengi walikwenda huko kufanya kazi. Wajukuu na vitukuu vyao wako huko hadi leo, lakini Waberom na majirani zao huwahesabu kuwa wageni. Tangu serikali ya mtaa ya Jos Kaskazini ilipoundwa 1991, ugomvi juu ya nani mwenyeji umeua watu mara nyingi, na mbaya zaidi ilikuwa 2001, 2008 na 2010. Habari hutangaza kwamba Waislamu na Wakristo wanapigana. Dini imo, lakini mwanzo wa ugomvi mara nyingi ni nani ateuliwe, nani agombee, nani apewe cheti.

Kifungu cha 42 cha katiba hiyohiyo kinakataza kumbagua raia kwa mahali alikotoka. Kifungu cha 147 kinadai kwamba waziri anayetolewa kwa niaba ya jimbo awe mwenyeji wa asili wa jimbo hilo. Machi 2023, katika uchaguzi wa gavana wa Lagos, wapiga kura waliodhaniwa kuwa Waigbo walitishwa na wengine kufukuzwa vituoni, baadhi yao wakiwa wamezaliwa mjini humo. Na kila mwaka maelfu ya wahitimu wanaopelekwa majimbo ya mbali hupata marafiki huko, wengine huoa au kuolewa, wengine hubaki na kufungua biashara. Watoto wao watasoma katika jimbo hilo na kulipa kodi katika jimbo hilo, na siku wakiomba kazi ya serikali watarudishwa kijiji cha babu yao kutafuta cheti.